Tezi Dume: Jinsi Taabu ya Wazee Ilivyotambuliwa

Mzee aamkaye usiku mara tatu au nne kwenda msalani hahesabiwi na watu wa nyumbani mwake kuwa ni mgonjwa. Husemwa kwamba ni uzee. Asimamapo muda mrefu akiungoja mkojo uanze, na uanzapo ukatoka kwa unyonge, ukakatika, ukaanza tena, husemwa vilevile kwamba ni uzee. Yeye mwenyewe husadiki hivyo. Yamkini wenzake wa rika moja wamo katika hali iyo hiyo, lakini hapana hata mmoja aliyewahi kumwambia. Jambo lililowaenea watu wengi huonekana kuwa ni kanuni ya maumbile, na kanuni ya maumbile haipelekwi kwa tabibu. Hiyo ni sababu moja iliyofanya maradhi haya, yaliyo ya kale kama uzee wenyewe, yachukue karne nyingi kabla ya kutambuliwa. Sababu ya pili ni haya. Sababu ya kwanza iliondolewa na wapasuaji. Ya pili haijaondoka mpaka leo, na bado inaua.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichokaa chini ya kibofu cha mwanamume, na njia ya mkojo hupenya katikati yake kama uzi upenyavyo katika ushanga. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yachukuayo mbegu za uzazi. Kwa kijana uzito wake ni kiasi cha gramu 20, nao ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo. Aghalabu baada ya umri wa miaka 40 tezi hii huanza kukua upya. Ukuaji huo si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa yote mawili yaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Lau tezi ingalikaa kando ya njia ya mkojo, ingaliweza kukua kwa miaka mingi pasipo mwenyewe kujua. Taabu yake yote imetokana na mahali ilipowekwa.

Watu wa kale waliijua taabu hii, wala hawakukosa msaada wa dharura. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, ilifukuliwa mirija ya shaba nyeusi iliyopindwa kwa kufuata umbo la njia ya mkojo ya mwanamume. Maandiko yaitwayo ya Hippocrates, tabibu wa Uyunani, yaliuhesabu ugumu wa kukojoa miongoni mwa maradhi ya wazee. Abu al-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji wa Andalusi aliyefariki mwaka 1013 hivi, alieleza jinsi mrija mwembamba wa fedha uingizwavyo mpaka kibofuni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliusia kwamba mirija iwe laini ili isimjeruhi mgonjwa. Matabibu hawa walijua kuufungua mlango, lakini hawakujua ni nani aliyeufunga.

Jina lilitangulia kitu. Neno la Kiyunani ambalo mataifa ya Ulaya yamelirithi kwa tezi hii lina maana ya asimamaye mbele, nalo hunasibishwa na Herophilus, tabibu wa Iskandaria aliyeishi zaidi ya miaka 250 kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa. Walakini tezi yenyewe haikuelezwa waziwazi mpaka karne ya 16. Niccolò Massa aliieleza huko Venice mwaka 1536, na miaka miwili baadaye Andreas Vesalius akaitia katika picha zake za viungo vya mwili. Hata hapo ilijulikana kama kiungo tu. Haikujulikana kama mkosaji.

Mkosaji aliyeshukiwa alikuwa mwingine. Matabibu wa zama hizo, na miongoni mwao Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, walifundisha kwamba mkojo huzuiwa na nyama ziotazo ndani ya njia yake. Nyama hizo zilidhaniwa kuwa ni matokeo ya kisonono, na wapasuaji waliingiza vyuma vyenye makali ili kuzikwangua. Fikira hii haikuwa ya kijinga, kwa kuwa kisonono huacha makovu yanayoweza kuibana njia ya mkojo, na jambo hilo ni kweli hadi leo. Kosa lilikuwa kuyachukua maradhi mawili kuwa ni maradhi mamoja. Na kosa hilo lilikuwa na gharama mbili. Ya kwanza ni majeraha yaliyofanywa na vyuma katika njia isiyokuwa na nyama yoyote. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: mzee aliyeishi kwa uadilifu maisha yake yote alijikuta akiulizwa, kwa maneno au kwa macho, alikwenda wapi alipokuwa kijana. Kwa mtu mwenye heshima zake ilikuwa heri kunyamaza. Hapo ndipo haya ilipopata nguvu ambayo haijaiacha.

Aliyeanza kuyatenganisha maradhi haya alikuwa mzee mwenyewe. Giovanni Battista Morgagni alifundisha elimu ya viungo katika chuo kikuu cha Padova, na mwaka 1761, alipokuwa na umri wa miaka 79, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya makao na sababu za maradhi. Njia yake ilikuwa rahisi kuelezwa na ngumu kufuatwa. Aliandika kwanza habari za mgonjwa alipokuwa hai, jinsi alivyolalamika na jinsi alivyokufa, kisha akaipasua maiti na kutafuta ndani yake kitu kinachoweza kuyajibu malalamiko yale. Kwa wazee waliokuwa wameteswa na mkojo aliikuta tezi iliyokua, na pengine sehemu yake ikiwa imechomoza ndani ya kibofu na kuziba mlango wake. Kilio cha aliye hai kikapata jibu katika mwili wa maiti.

Elimu iliyoendelea kutoka hapo ilionyesha mfuatano wa mambo ambao kila mtu apasa kuujua. Njia inapobanwa, kibofu hufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kuusukuma mkojo. Kama msuli wa mpagazi unenepavyo kwa mizigo, ukuta wa kibofu hunenepa na kufanya mikanda kama kamba. Katika wakati huo mzee hana habari kubwa. Ataona tu kwamba haja humjia kwa haraka na mara nyingi. Kisha kibofu huchoka. Hakimalizi tena kuutoa mkojo wote, na unaobaki huwa makao ya vijidudu na vijiwe. Mwishowe kibofu hujaa na kutanuka, na uzito wa mkojo huirudisha nyuma mirija itokayo katika figo, na figo zikaanza kuharibika kimyakimya.

Katika daraja hii ya mwisho hutokea jambo lililowapoteza watu wengi. Mzee huanza kulowesha nguo na kitanda. Jamaa zake huona kwamba mkojo wake ni mwingi na kwamba hawezi kuuzuia, nao husema kibofu kimelegea. Ukweli ni kinyume chake. Kibofu kimejaa hata hakina nafasi, na kile kidogo kitokacho ni kifurikacho tu, kama mtungi uliojaa umwagavyo matone kwa kila tone linaloongezwa. Mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Mtu wa namna hii hupewa nguo za kujifunika na kukatazwa kunywa maji usiku, ilhali figo zake zinakufa. Wapasuaji wa karne ya 19 walijifunza kuweka mkono juu ya tumbo la mzee aloweshaye kitanda kabla ya kusema neno lolote, na funzo hilo halijachakaa.

John Hunter, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1786 jinsi tezi iliyokua inavyoiminya njia ya mkojo pande zote mbili na kujisukumiza ndani ya kibofu. Maelezo yake yalikuwa safi, lakini yalitolewa ndani ya kitabu cha maradhi ya zinaa. Kwa hiyo hata yule aliyeuona ukweli hakuweza kuuondoa katika nyumba ya aibu ulimozaliwa. Mwaka uo huo Hunter alieleza jambo jingine ambalo thamani yake haikujulikana upesi: kwamba wanyama waliohasiwa huwa na tezi ndogo, iliyonywea. Mwaka 1806 shemeji yake, Everard Home, aliitangaza sehemu ya katikati ya tezi ambayo hukua kuelekea ndani ya kibofu na kuuziba mlango kama kifuniko. Alijitwalia sifa ya ugunduzi huo, ingawa Morgagni na Hunter walikuwa wamekwisha kuiona. Hata hivyo funzo lilikuwa na faida. Tabibu apimaye kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa huigusa sehemu ya nyuma tu ya tezi; sehemu ichomozayo kibofuni haifikii. Tezi yaweza kuonekana ndogo kwa kidole na huku imeziba.

Kujua sababu hakukuleta tiba mara moja. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa Marekani, alipozuiwa mkojo mwaka 1825, naye ana umri wa miaka 82, tabibu wake Robley Dunglison hakuwa na msaada ila kuipanua njia kwa vijiti laini, na mzee yule alijifunza kuvitumia kwa mkono wake mwenyewe. Alifariki mwaka uliofuata. Wazee wengi wa Ulaya na Marekani wa karne ile waliishi kwa mrija, wakiuchukua popote waendapo, wengine wakiuficha ndani ya fimbo au kofia. Mwaka 1860 hivi Auguste Nélaton wa Paris alitengeneza mrija wa mpira uliokuwa laini kuliko wa chuma, na katika Kiswahili cha hospitali mrija huu ungali ukiitwa mpira wa mkojo. Lakini vijidudu havikuwa vimejulikana bado, na mrija usiochemshwa ulimletea mzee homa na mauti mahali pa nafuu.

Wakati huo dhana ya zamani ilirudi ikiwa imevaa joho la elimu. Félix Guyon, mwalimu mashuhuri wa hospitali ya Necker huko Paris, alizigawa daraja za maradhi haya vizuri kuliko yeyote kabla yake. Walakini alifundisha kwamba asili yake ni kukakamaa kwa mishipa ya damu ya mwili mzima, na kwamba tezi, kibofu na figo vyote huzeeka pamoja. Kwa maneno mengine, ni uzee. Ikiwa ni uzee, kuiondoa tezi hakuna maana. Marekani, J. William White wa Philadelphia alifuata njia nyingine. Mwaka 1893 alishauri kwamba wazee wahasiwe ili tezi inywee kama ya wanyama wa Hunter. Wazee wengi walifanyiwa hivyo. Baadhi yao walipata nafuu, na baadhi hawakupata kitu ila msiba.

Hoja ya Guyon ilijibiwa kwa kisu. Eugene Fuller wa New York aliitoa tezi iliyokua kwa kupitia kibofuni mwaka 1894. Peter Freyer, daktari kutoka Ireland aliyekuwa ametumikia miaka mingi Uhindi, aliifanya kazi iyo hiyo London mwezi wa Desemba 1900, kisha akairudia kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Wazee waliokuwa wamefungwa na mrija kwa miaka walikojoa tena kama watu wengine. Georges Clemenceau alipasuliwa tezi mwaka 1912, naye ana umri wa miaka 70; miaka mitano baadaye alishika uwaziri mkuu wa Ufaransa na kuiongoza nchi yake mpaka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Kama taabu yake ingalikuwa ni uzee, kisu kisingaliiondoa, maana uzee haukatwi.

Freyer alidhani kwamba aliitoa tezi nzima. Uchunguzi ulionyesha kuwa alitoa vinundu vilivyoota sehemu ya ndani, na kwamba tezi yenyewe ilibaki, imesukumwa pembeni kama ganda la chungwa baada ya nyama kutolewa. Karne ya 20 ilipokaribia mwisho, John McNeal wa Marekani alipatambua mahali vinundu hivyo vianziapo: eneo dogo linaloizunguka njia ya mkojo, ambalo kwa kijana ni kiasi cha sehemu 5 tu katika 100 za tezi.

Neno la Hunter nalo lilipata mashahidi. Mwaka 1960 madaktari wa China waliwapima matowashi 26 waliosalia kutoka jumba la wafalme wa Beijing. Kwa wengi wao tezi ilikuwa imenywea hata kidole hakikuihisi. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za jamaa fulani wa Jamhuri ya Dominika. Hao walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kigeuzacho homoni ya kiume kuwa kali zaidi, na tezi zao zilibaki ndogo maisha yao yote. Kutokana na habari hiyo ilitengenezwa dawa ya kuipunguza tezi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992. Kabla yake, katika miaka ya 1970, Marco Caine wa Jerusalem alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba njia haibanwi na ukubwa peke yake, bali pia na misuli iliyo ndani ya tezi, na kwamba ipo dawa ya kuilegeza. Hapo lilieleweka jambo lililowashangaza matabibu kwa muda mrefu: kwamba mtu mwenye tezi kubwa aweza kulala usiku kucha, na mwenye tezi ndogo akateseka.

Basi ukubwa haukuwa kipimo cha taabu. Kidole, kisu na picha vyote vilikuwa vimeitazama tezi. Hapana kilichomtazama mwenye tezi. Ndipo ilipobuniwa njia isiyokuwa na chombo. Mwaka 1992 chama cha wapasuaji wa njia ya mkojo cha Marekani kilitoa maswali saba yaliyotungwa na Michael Barry na wenzake. Mzee huulizwa juu ya mwezi mmoja uliopita: je, amehisi kwamba mkojo haukwisha? Amerudi msalani kabla ya saa mbili kupita? Mkojo umekatika na kuanza tena? Imekuwa vigumu kuuzuia? Mkondo wake umekuwa dhaifu? Amelazimika kujikamua ili uanze? Ameamka mara ngapi usiku? Kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 5, na jumla kubwa kabisa ni 35. Alama hadi 7 ni taabu ndogo, 8 hadi 19 ni ya kadiri, na 20 kwenda juu ni kubwa. Baadaye liliongezwa swali la nane, lisilotiwa katika jumla: kama hali hii itabaki hivi siku zote za maisha yako, utajisikiaje? Matabibu walihitaji zaidi ya miaka 2,000 ili wafike katika swali hilo.

Maswali hayatoshi peke yake. Kisukari, vijiwe, saratani na makovu ya njia ya mkojo huweza kuleta dalili zizo hizo, na damu katika mkojo haipaswi kuachwa bila kuchunguzwa. Kwa hiyo tabibu hupima mkojo na damu, hupima kwa kidole, na kwa altrasaundi hutazama mkojo unaobaki kibofuni. Katika Afrika Mashariki utambuzi una tanzi mbili zaidi. Kichocho kimezoeleka pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria hata watu huweza kukitupia kila tatizo la mkojo. Na kisonono kingalipo, pamoja na aibu yake. Mzee wa Mwanza au wa Lamu aogopaye kushukiwa hutofautiana kidogo sana na mzee wa Paris wa zama za Paré.

Tena bara hili lina sehemu yake katika historia hii. Katika misitu ya milimani, toka Kamerun mpaka Kenya, Tanzania na Madagaska, umo mti ambao Wakikuyu huuita mwiri, na wataalamu *Prunus africana*. Magome yake yalitumiwa na waganga wa Kiafrika, na mwaka 1966 Jacques Debat wa Ufaransa alijipatia hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo nayo. Magome yakabanduliwa na kuuzwa Ulaya kwa wingi hata miti mingi ikafa, na mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini. Nafuu yake ni ya kiasi, wala si badala ya kupimwa. Lakini mti ule ni ushahidi kwamba wazee wa huku pia waliteseka, na kwamba yuko aliyewasikiliza.

Maiti zilizochunguzwa katika karne ya 20 zilionyesha ukuaji wa tezi kwa yapata nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60, na kwa walio wengi sana kati ya waliopita miaka 80. Si wote waliosumbuliwa nao, na wengi waliosumbuliwa waliweza kutibiwa kwa vidonge. Wale walioangamia hawakuangamia kwa kukosa elimu ya Morgagni au kisu cha Freyer. Waliangamia kwa kungoja mpaka siku mkojo ulipogoma kabisa, au mpaka figo zilipokwisha. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua; lakini haikosi kusemwa pia kwamba mzee hafichi peke yake. Husaidiwa kuficha na mwanawe asiyeuliza, na mkewe asemaye ni uzee, na tabibu kijana aonaye haya kumwuliza mtu wa umri wa baba yake ameamka mara ngapi usiku. Swali hilo halina gharama, na mtu yeyote wa nyumbani aweza kulianza.